Kupunguza maji nyumbani: anza na mita, si na mswaki

Maswali ni yaleyale kila mara. "Nikifunga bomba wakati wa kupiga mswaki nitaokoa kiasi gani?" "Ni kweli tofali ndani ya tangi la choo linasaidia?" "Ndoo na shawa, kipi kinakula maji zaidi?" Nimeyajibu moja moja hadi nimechoka, kwa hiyo nayaweka yote hapa kwa mpangilio ambao ningekupitisha kama ningekuwa nimesimama nawe bafuni kwako.

Mpangilio wenyewe ndio jambo la msingi. Wengi huanza na mswaki kwa sababu ni rahisi. Bomba linalotoa lita 6 kwa dakika likiachwa wazi kwa dakika mbili za kupiga mswaki hupoteza lita 12, na hizo si za kudharau. Lakini choo ambacho kizibo chake kimechakaa kinaweza kumwaga mamia ya lita kwa siku, usiku na mchana, bila kelele yoyote. Utafunga bomba la mswaki mwaka mzima na bili isitikisike. Kwanza jua maji yako yanakwenda wapi.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Ndoo unayojua inabeba lita ngapi. Kama haina alama, ijaze kwa chupa ya lita moja, ukihesabu, kisha weka alama ya lita 10 kwa kalamu isiyofutika.
- Saa au simu ya kupimia sekunde.
- Kikombe cha mililita 250.
- Daftari. Usiamini kichwa chako. Tarakimu za mita husahaulika kabla hujafika mlangoni.
- Matone machache ya rangi ya chakula. Kahawa nyeusi iliyokolea inafaa pia.
- Chupa ya plastiki ya nusu lita yenye kifuniko kinachokaza.
- Spana ya kurekebisha, bisibisi na tambara kuukuu.
- Mabeseni mawili.

Wiki ya kwanza usinunue kifaa chochote cha "kuokoa maji". Ukishapima ndipo utajua kama unakihitaji. Mara nyingi hukihitaji.

Jambo jingine la maandalizi: itafute koki kuu ya nyumba leo, kabla hujaihitaji. Ifunge, fungua bomba lolote uone kama maji yanakatika kweli, kisha ifungue tena. Koki iliyokaa miaka bila kuguswa hukaza, na siku bomba likipasuka si siku nzuri ya kugundua hilo.

Hatua ya 1: Jua unatumia kiasi gani sasa

Soma mita asubuhi, andika tarakimu zote pamoja na saa. Rudi baada ya siku saba, saa ileile. Kwa mita nyingi, tarakimu nyeusi ni mita za ujazo na nyekundu ni sehemu zake. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20.

Toa ya kwanza kwenye ya pili, gawa kwa siku 7, gawa tena kwa idadi ya watu. Mfano: nyumba ya watu wanne imetumia mita za ujazo 4.2 kwa wiki. Hizo ni lita 4,200. Kwa siku ni 600, na kwa kila mtu ni lita 150.

Je, 150 ni nyingi? Umoja wa Mataifa hutaja lita 50 hadi 100 kwa mtu kwa siku kuwa kiasi kinachotosheleza mahitaji ya msingi. Mwaka 2018, ukame ulipoibana Cape Town, wakazi walitakiwa wasivuke lita 50 kwa mtu kwa siku. Siyo kwamba na wewe ufike huko. Nakupa vipimo hivi ujue umesimama wapi tu.

Huna mita? Kama una tangi la akiba, funga maji yanayoingia kwa siku moja, weka alama ya kimo cha maji asubuhi na jioni. Kama unachota kwa ndoo, basi wewe una bahati: hesabu ndoo, kazi imekwisha.

*Kosa la kawaida:* kupima wiki yenye wageni au wiki mliyosafiri. Chagua wiki ya kawaida, hata kama ni lazima usubiri.

Hatua ya 2: Jaribio la usiku

Usiku kabla ya kulala, hakikisha mabomba yote yamefungwa, mashine ya kufulia imezimwa, na tangi la akiba limejaa na limeacha kupokea maji. Soma mita. Waombe wenzako wasivute choo mpaka asubuhi. Anayelazimika atumie maji ya ndoo iliyojazwa mapema. Alfajiri, kabla mtu yeyote hajafungua bomba, soma tena.

Tarakimu zikiwa zilezile, nyumba yako haivuji baada ya mita. Ruka hadi hatua ya 5.

Zikiwa zimesogea, kuna mahali panavuja. Mita nyingi zina kigurudumu kidogo chenye umbo la nyota au pembetatu ambacho huzunguka hata maji yakipita kidogo sana. Kitumie hivi: funga koki ya choo, nenda uangalie kigurudumu. Kikisimama, mhalifu ni choo. Kisiposimama, funga inayofuata, sinki, kisha bafu, hadi umpate. Ukifunga koki kuu ya nyumba na kigurudumu bado kinazunguka, uvujaji uko kati ya mita na koki, pengine chini ya ardhi. Tafuta sehemu yenye unyevu wakati kwingine pamekauka, au nyasi zilizonawiri peke yake. Hapo ita fundi bomba. Usianze kuchimba mwenyewe bila kujua bomba limepita wapi.

Kama una tangi juu ya paa, panda uliangalie, au mtume anayeweza kupanda kwa usalama. Boya (lile linaloelea na kufunga maji tangi likijaa) likikwama huacha maji yamiminike kupitia bomba la kumwagia ziada, na kwa kuwa yanamwagikia nyuma ya nyumba hakuna anayeyaona. Kwangu yaliwahi kumwagika hivyo kwa wiki kadhaa; nilidhani jirani anamwagilia maua.

Hatua ya 3: Choo

Hapa ndipo utakapotumia muda mwingi zaidi, na panastahili.

*Kwanza, tafuta uvujaji.* Fungua mfuniko wa tangi, weka matone ya rangi au ile kahawa, kisha usivute choo kwa nusu saa. Ukirudi ukakuta rangi imeingia kwenye bakuli, kizibo cha raba kilicho chini ya tangi hakizibi. Vuta maji mara moja baada ya jaribio ili rangi isiache doa.

Sababu huwa chache. Raba imekuwa ngumu au imeota utando: funga koki ya choo, vuta maji yaishe, itoe, ioshe pamoja na mdomo inapokalia. Ikiwa imepinda au inakuachia weusi vidoleni, badilisha. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, maana hazifanani. Mnyororo ni mfupi mno, unaining'iniza raba: ulegeze pingili moja au mbili. Mnyororo ni mrefu mno, unanaswa chini ya raba: ufupishe.

Sasa angalia maji yanafika wapi. Ndani ya tangi kuna bomba la wima linalopokea maji yaliyozidi. Maji yanatakiwa yasimame kama sentimita mbili chini ya mdomo wake. Yakiwa yanaingia humo, boya limepanda sana; lishushe kwa skrubu yake, au kwa kulipinda kidogo taratibu kama ni la mkono wa chuma. Uvujaji wa namna hii hauonekani kwa jaribio la rangi peke yake, kwa hiyo tazama kwa macho.

*Pili, punguza kiasi cha kila mvuto.* Vyoo vya zamani hutumia lita 9, vingine hadi 13 au zaidi. Vya kisasa ni lita 6, na vyenye vitufe viwili hutoa takriban lita 3 kwa haja ndogo. Pima chako: funga koki ya choo, weka alama ya kimo cha maji ndani ya tangi, vuta, kisha jaza kwa ndoo yenye vipimo hadi kwenye alama.

Kama ni lita 9 au zaidi, jaza ile chupa ya nusu lita maji, ifunge, isimamishe ndani ya tangi mbali na boya na mnyororo. Kila mvuto sasa utapungua kwa nusu lita. Bakuli likisafika vizuri kwa siku tatu, ongeza chupa ya pili. Likianza kushindwa, rudi nyuma. Familia ya watu wanne wanaovuta mara tano kila mmoja kwa siku, ikitoka lita 9 kwenda lita 8, imepunguza lita 20 kwa siku kwa chupa mbili zilizokuwa ziende jalalani.

*Onyo kuhusu tofali:* usiliweke. Hulika polepole majini, na chembe zake huenda kukaa chini ya kizibo cha raba. Nililiweka mimi mwenyewe nikijiona mjanja, na miezi michache baadaye choo kikawa kinavuja. Maji niliyookoa sijui, niliyopoteza ni mengi zaidi.

*Onyo la pili:* choo cha lita 6 usikiguse. Kimetengenezwa kwa kiasi hicho hasa. Ukikipunguzia, watu watavuta mara mbili na utakuwa umetumia zaidi kuliko mwanzo.

Hatua ya 4: Bomba linalodondosha

Kinga kikombe chini ya matone kwa saa moja. Kikombe cha mililita 250 kikijaa, hizo ni lita 6 kwa siku, karibu lita 2,200 kwa mwaka. Kutoka kwenye bomba moja.

Desturi ya wengi ni kulikaza zaidi. Siku ya kwanza linanyamaza, wiki inayofuata linadondosha zaidi, kwa sababu kila ukikaza unaiponda washa, ile raba ndogo ya ndani ya bomba, ambayo imekwisha kuchoka. Badilisha washa:

1. Funga koki iliyo chini ya sinki, au koki kuu.
2. Fungua bomba limalize maji yaliyobaki.
3. Ziba tundu la sinki kwa tambara. Usiruke hili. Skrubu ndogo hupenda sana matundu.
4. Fungua kishikio, kisha nati iliyo chini yake kwa spana. Zungushia nati kitambaa isichubuke.
5. Chomoa shina la bomba. Washa ni ile raba ndogo ya duara iliyo mwishoni mwake. Itoe, chukua nyingine ya kipimo hichohicho.
6. Papasa kwa kidole mahali washa inapokalia. Pakiwa na mikwaruzo, washa mpya nayo italiwa upesi. Hapo fundi anahitajika kupasawazisha.
7. Rudisha vyote, fungua koki polepole.

Mabomba ya mkono mmoja unaopanda na kushuka hayana washa ya aina hii. Ndani yake mna kifaa kizima kinachobadilishwa chote. Kazi si ngumu, lakini lazima upate kinachofanana kabisa.

Hatua ya 5: Kuoga

Weka ndoo chini ya shawa, ifungue kama unavyoifungua siku zote, pima sekunde hadi lita 10. Zikijaa kwa sekunde 40, shawa yako inatoa lita 15 kwa dakika. Dakika nane ni lita 120. Zikijaa kwa sekunde 75, ni lita 8 kwa dakika, na dakika tano ni lita 40.

Kwa hiyo swali la ndoo na shawa lina jibu hili: ndoo ya lita 15 inaishinda karibu kila shawa. Ila mtu anayelowa, akafunga, akajipaka sabuni, kisha akafungua tena, jumla dakika mbili za maji kwenye shawa ya lita 8, ametumia lita 16 hivi. Wamekaribiana. Kinachoamua ni muda ambao maji yanamiminika, siyo kifaa.

Shawa inayotoa zaidi ya lita 10 kwa dakika, jaribu kwanza kuibana kwa koki yake kabla ya kununua kichwa kipya. Wakati mwingine mkondo mdogo unakutosha, na hukujua tu kwa kuwa hujawahi kujaribu.

*Onyo:* kama maji yako yanapashwa moto na hita ya papo hapo, ile isiyo na tangi, usibane mkondo kiholela. Nyingine hujizima mkondo ukiwa mdogo. Shawa za umeme nazo huyatoa maji yakiwa na moto zaidi kuliko ulivyozoea. Jaribu kwa mkono kabla hujaingia, na kwa mtoto ujaribu mara mbili.

Yale maji baridi yanayotangulia huku ukisubiri ya moto, yakinge kwa ndoo. Ni maji safi kabisa. Methali inasema maji yakimwagika hayazoleki, basi usiyaache yafike huko.

Hatua ya 6: Sinki na jikoni

Mswaki sasa, ndiyo. Kikombe kimoja kinatosha kusukutua. Kunyoa, weka maji kidogo kwenye sinki uliloziba.

Kunawa mikono kusipunguzwe. Lowesha, funga bomba, sugua kwa sabuni sekunde 20, fungua usuuze. Unachokata ni maji yanayopita wakati mikono ina povu. Kunawa kwenyewe kunabaki palepale. Vivyo hivyo maji ya kunywa. Usiweke akiba kooni.

Vyombo: kwangua mabaki, loweka vilivyogandamana, osha kwenye beseni moja, suuza kwenye la pili. Anza na glasi, malizia na masufuria. Mabeseni mawili ya lita 7 ni lita 14. Bomba la lita 6 kwa dakika lililoachwa wazi kwa dakika kumi ni lita 60. Mashine ya kuoshea vyombo ikijaa inaweza kutumia lita 10 hadi 15, kwa hiyo kama unayo itumie bila kuona haya, mradi imejaa. Usisuuze vyombo kwa bomba kabla ya kuvitia humo, maana unaviosha mara mbili.

Vitu vilivyoganda viyeyushe kwa kuvihamishia kwenye jokofu tangu jana yake. Kuviwekea bomba linalotiririka ni kati ya matumizi mabaya kabisa ya maji jikoni.

Ule wavu mdogo uliofungwa mdomoni mwa bomba unachanganya hewa na maji. Ufungue, uloweke kwenye siki usiku mmoja kuondoa chumvi, uusugue kwa mswaki wa zamani. Bomba lisilo na wavu, nunua. Hicho ni kifaa kimoja nisichokisema vibaya.

Hatua ya 7: Kufua

Mashine ijae, lakini si kwa kushindilia. Mkono wako uweze kupita juu ya nguo. Zenye mlango wa mbele kwa kawaida hutumia maji machache kuliko zinazofunguka juu.

Kwa wanaofua kwa mkono, siri iko kwenye kusuuza. Watu hujaza beseni kubwa mara moja wakidhani wingi wa maji ndio unaoondoa sabuni. Chukua nguo ambazo zikikamuliwa bado zimebeba lita moja ya maji ya sabuni. Zisuuze mara moja kwa lita 10: sabuni inayobaki ni sehemu 1 kwa 11. Gawa hizohizo lita 10 mara mbili, tano tano, ukikamua katikati: inabaki sehemu 1 kwa 36. Maji ni yaleyale, ila nguo zimetakata zaidi ya mara tatu. Kwa hiyo kamua kwa nguvu, suuza kwa maji machache, mara nyingi.

Ongeza hili: fua kwa mafungu, nyeupe na zisizochafuka sana zitangulie. Maji ya kusuuzia mara ya mwisho ya fungu la kwanza yawe maji ya kusuuzia mara ya kwanza ya fungu la pili. Ukizoea hutarudi kwenye njia ya zamani.

Hatua ya 8: Maji yafanye kazi ya pili

Maji ya kuogea, ya kusuuzia nguo na ya kuoshea mboga yanafaa kuvuta choo, kuosha sakafu ya nje au kumwagilia. Masharti:

- Chooni yamwage kwenye bakuli, usiyatie kwenye tangi. Uchafu huharibu raba. Inua ndoo yenye lita 5 au 6 uimwage kwa mkupuo mmoja. Kasi ndiyo inayosukuma, kuliko wingi.
- Usiyaweke zaidi ya siku moja. Yanaanza kunuka na vijidudu huongezeka haraka.
- Yaliyofulia nepi au nguo za mgonjwa yamwagwe moja kwa moja chooni. Hayana kazi ya pili.
- Yenye dawa ya klorini au mafuta mengi ya jikoni yasiende kwenye mimea.
- Mwagia udongo, si majani, na usimwagie mboga zinazoliwa mbichi. Badilisha sehemu mara kwa mara, kwani chumvi za sabuni hujikusanya.

Usiache mwisho wa mpira wa maji ukiwa umezama ndani ya ndoo ya maji machafu. Msukumo ukikatika ghafla, mabomba yanaweza kuyanyonya yale maji machafu na kuyarudisha kwenye mfumo wa nyumba. Ning'iniza mpira juu ya ndoo.

Ukihifadhi maji yoyote, safi au ya kazi ya pili, funika. Mbu huhitaji siku 7 hadi 10 hivi kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo vyombo vya akiba visuguliwe kuta zake angalau kila wiki. Na andika "si ya kunywa" kwenye ndoo inayohusika, kwa maandishi makubwa.

Hatua ya 9: Mimea

Mwagilia alfajiri au jioni jua likiwa limelala, kwenye mizizi. Tandaza majani makavu kwenye udongo kuzuia maji kupaa. Kabla ya kumwagilia ingiza kidole. Udongo ukiwa na unyevu sentimita tano chini, acha leo. Basi.

Hatua ya 10: Rudi kwenye mita

Baada ya wiki mbili, rudia hatua ya 1. Rekebisha jambo moja kwa wakati kama unaweza, ili ujue ni lipi lililoleta tofauti.

Mambo yakienda kombo

*Mita imepungua lakini bili ni ileile.* Linganisha tarakimu zilizoandikwa kwenye bili na zilizo kwenye mita. Wakati mwingine bili hutolewa kwa makadirio, bila mtu kuja kusoma. Piga picha ya mita yenye tarehe, uipeleke kwa wanaokutoza.

*Mita inazunguka wakati bomba halitoi maji.* Maji yanaporudi baada ya kukatika, hewa iliyo kwenye mabomba hupita kwanza na inaweza kuzungusha mita. Maji yakikatika, funga koki kuu. Yakirudi, subiri kidogo kabla ya kuifungua.

*Choo kinaziba tangu niweke chupa.* Umepunguza mno. Toa chupa moja. Kikiendelea, toa zote. Si kila choo kinakubali, na bomba refu la majitaka lisilo na mteremko mzuri linahitaji maji ya kutosha kusukuma uchafu hadi mwisho.

*Choo kinajijaza chenyewe usiku ingawa nimebadilisha raba.* Angalia mdomo inapokalia. Ukiwa na chumvi iliyoganda, usugue kwa sifongo ngumu na siki. Ukiwa na ufa, sehemu nzima ibadilishwe.

*Bomba limekuwa dhaifu ghafla.* Karibu kila mara ni ule wavu kujaa mchanga, hasa baada ya matengenezo ya mabomba. Ufungue uusafishe. Mabomba yote yakiwa dhaifu kwa pamoja, tatizo liko kwenye koki kuu au nje ya nyumba.

*Bomba bado linadondosha baada ya kuwekewa washa mpya.* Ama kipimo si chenyewe, ama umeigeuza, ama mahali inapokalia pameliwa. Likivuja kwenye shina badala ya mdomoni, kaza nati ya juu robo mzunguko. Lisipoacha, pete ya raba ya shina nayo imechoka.

*Watu wa nyumbani hawafuati.* Mabango ukutani hayajanisaidia hata siku moja, na mahubiri ndiyo kabisa. Kilichosaidia ni kuweka kikombe pale mkono unapofika wakati wa mswaki, na ndoo iwe ndani ya bafu tayari badala ya kuwa stoo. Watoto wape kazi ya kusoma mita kila Jumapili na kuandika kwenye daftari. Wa kwangu sasa ndio wanaonigongea mlango nikikaa bafuni.